Tembe Ametaga: Yai la Kwanza ni la Nani?

Jamaa nyingi za nchi yetu zinafuga kuku wawili watatu nyuma ya nyumba. Hakuna atakayeziita jamaa za wafugaji. Baba ni seremala, au mwalimu, au mchukuzi; mama analima shamba lake la mihogo na maharagi; na kuku wanajitafutia riziki wenyewe kati ya jiko na migomba, wakipata asubuhi makombo ya bugali na jioni punje chache za mahindi. Watu hawawafikirii sana kuku hao mpaka siku ya mgeni, au siku ya ugonjwa, au siku ile ambayo mtoto mmoja anarudi mbio kutoka nyuma ya ghala, akishika kitu kidogo chenye joto katika mikono yake miwili. Tembe ametaga.

Neno hili tembe linastahili kukumbukwa, kwani vijana wa mijini wameanza kulisahau. Kiswahili safi kina jina kwa kila umri wa kuku. Anapotoka katika yai ni kifaranga. Jike aliyekwisha kukua lakini hajataga bado ni tembe. Dume kijana ni pora. Na jike aliyekwisha kutaga na kulea ni koo. Wazee waliotunga maneno haya walijua ya kuwa kati ya tembe na koo kuna mlango, na ya kuwa nyumba nzima hupata faida siku mlango ule unapofunguliwa. Shauri ninalotaka kulitia mbele ya wasomaji leo ni hili: mayai yale ya kwanza, kumi au kumi na mawili, yaende wapi? Maana katika nyumba nyingi jambo hili haliulizwi hata kidogo. Yai linachukuliwa na yule mwenye nguvu ya kulichukua.

Dalili za tembe anayekaribia kutaga

Kuku wetu wa kienyeji hafanyi haraka. Kuku wa biashara, waliochaguliwa kwa muda wa miaka mingi kwa ajili ya mayai tu, na wanaolishwa vyakula vya mfuko, huanza kutaga wakiwa na majuma 18 au 20. Kuku wa kijiji huanza akiwa na miezi sita, mara nyingi saba, hata minane, kadiri ya chakula alichopata udogoni mwake. Basi mtu asimchinje tembe wake wa miezi saba akisema kwamba ni tasa. Afadhali amwongezee konzi ya mahindi na kipande cha kichuguu chenye mchwa, kisha angoje.

Mwenye macho atazitambua dalili siku nyingi kabla. Ule upanga wa juu ya kichwa, uliokuwa mdogo na wa rangi hafifu, unakua na kuwa mwekundu kabisa, pamoja na nyama zile zinazoning'inia chini ya mdomo. Tembe aliyekuwa akikimbia watu anaanza kuchutama palepale mtu anaponyosha mkono juu ya mgongo wake, kana kwamba anangoja jogoo. Tena anakuwa mpelelezi wa nyumba. Anaingia katika kikapu cha makaa, anachungulia chini ya kitanda, anakwaruza majani katika pembe ya ghala, anaketi kidogo, anaondoka, anarudi. Na sauti yake inabadilika. Anatetea tangu asubuhi, sauti ndefu ya kulalamika isiyo na sababu inayoonekana, na jirani wanauliza kama amefukuzwa na mbwa.

Anayetaka uhakika zaidi amshike kuku jioni, akiwa ametulia, na apapase chini ya mkia. Hapo kuna ncha mbili za mifupa myembamba. Kwa tembe ambaye bado, ncha hizo zimekaribiana hata kidole kimoja hakipiti vizuri. Kwa kuku anayetaga, vidole viwili au vitatu vinapita kati yake. Akina mama wengi wanalijua jambo hili bila kufundishwa na mtu yeyote.

Wakati huo ndio wa kutengeneza kiota, wala si baadaye. Kikapu cha zamani kinatosha, au sanduku la mbao, lenye majani makavu ya mgomba, katika pembe yenye giza, juu kidogo ya ardhi, mahali ambapo mbwa na nyoka hawafiki kwa urahisi. Wengine hutia ndani jiwe jeupe la mviringo, ili tembe adhani kwamba mwingine amekwisha kupakubali mahali pale. Hila hiyo ni nzuri, nayo haigharimu franka hata moja. Asipopata kiota nyumbani, tembe atajichagulia mahali porini, na wa kwanza kupajua atakuwa nguchiro. Katika masomo ya namna hii nguchiro ni mwanafunzi hodari kupita wengi wa darasa langu.

Watu huuliza pia kama ni lazima kuwe na jogoo. Kwa kutaga, hapana. Kuku hutaga bila jogoo, na yai lake ni chakula kamili kama lingine. Jogoo anahitajiwa tu pale tunapotaka vifaranga.

Kazi ya saa ishirini na tano

Wengi wetu tunakula yai kwa muda wa dakika moja bila kufikiri limetengenezwa namna gani. Ndani ya tembe mna punje nyingi ndogo zilizofungana kama kichala cha zabibu. Kila punje ni mwanzo wa kiini. Moja inapokomaa inajitenga, inaingia katika mfereji mrefu, na katika safari hiyo inavishwa ute, kisha ngozi nyembamba mbili, na mwisho ganda. Safari yote inachukua saa 24 hadi 26, na katika saa hizo karibu 20 zinatumiwa kwa kazi ya ganda peke yake. Ndiyo maana kuku anayetaga leo asubuhi atataga kesho saa iliyochelewa kidogo, na kesho kutwa saa iliyochelewa zaidi, mpaka siku moja anapumzika bila kutaga. Si uvivu.

Ganda moja linahitaji karibu gramu mbili za chokaa safi. Kwa mnyama mwenye uzito wa kilo moja na nusu hicho si kitu kidogo, na kama hakipati katika chakula anakitoa katika mifupa yake mwenyewe. Basi asitupiwe makombo ya bugali tu. Maganda ya mayai yaliyoliwa yakaushwe juu ya moto, yapondwe mpaka yawe kama mchanga, yarudishwe kwa kuku. Na makombe ya konokono vilevile. Nasema yapondwe kabisa, maana kuku anayeokota nusu ya ganda mbele ya nyumba huenda akajifunza kuvunja mayai yake mwenyewe, na tabia hiyo ikishaingia ni vigumu kuitoa.

Katika nchi za mbali na ikweta, kuku hupunguza kutaga au huacha kabisa wakati wa majira ya baridi, kwa sababu siku zinakuwa fupi. Sisi tunaokaa karibu na ikweta tuna nuru ya saa kumi na mbili mwaka mzima. Kinachowazuia kuku wetu ni njaa, magonjwa, na kazi ya kulea vifaranga.

Mayai ya ajabu

Yai la kwanza la tembe ni dogo. Pengine halina kiini kabisa, pengine lina viini viwili. Huenda likatoka bila ganda gumu, laini kama kifuko cha ngozi, au likawa na mstari mwembamba wa damu juu yake. Mambo haya yote ni ya kawaida. Mwili wa tembe unajifunza kazi mpya, na mwanafunzi hukosea mara chache kabla ya kuzoea. Baada ya majuma machache mayai yanakuwa sawa, na ukubwa unaongezeka.

Hata hivyo katika vijiji vingine yai lisilo na kiini linaleta maneno mengi. Linatupwa njia panda, na mtu fulani anaanza kutajwa kwa sauti ya chini. Wala tusidhani kwamba upumbavu huu ni wa Waafrika peke yao. Wazungu wa zamani waliamini kwamba yai dogo lisilo na kiini limetagwa na jogoo, na kwamba kiumbe cha kutisha, nusu nyoka nusu kuku, kitatoka ndani yake. Katika mji wa Basel, katika nchi ya Uswisi ya leo, mwaka 1474, jogoo alishitakiwa kwamba ametaga yai, akahukumiwa, akachomwa moto hadharani. Leo kila mwanafunzi wa mifugo angewaeleza mahakimu wale kilichotokea.

Watu wanne na yai moja

Sasa tufike kwenye shauri letu. Tuchukue jamaa moja kama zile tunazozijua sote, katika vilima vya Bushi, mahali fulani kati ya Kabare na Walungu. Mama alinunua tembe wanne kwa fedha za maharagi yake. Ana mtoto mchanga wa miezi mitatu mgongoni, na mwingine wa miaka miwili, aliyeachishwa ziwa wakati mimba ya mdogo wake ilipoanza kuonekana. Mayai sita yamekwisha kupatikana, yamo katika kibuyu juu ya dari.

Baba anasema: “Mama wa watoto, mayai hayo yasiguswe. Tutayaweka chini ya koo la jirani, na kabla ya Pasaka tutakuwa na kuku ishirini.”

Mama anajibu: “Baba, sabuni imekwisha, na chumvi pia. Mayai sita yanatosha kwa hayo mawili.”

Nyanya, mzaa baba, aliyeketi mlangoni akimenya mihogo, anasema: “Fanyeni mpendavyo, wanangu, lakini musimpe mtoto. Mtoto akionjeshwa mayai atakuwa mwizi. Na wewe, binti yangu, unayenyonyesha, usithubutu.”

Na wa nne hajafika bado, lakini yuko njiani. Ni mgeni. Siku ya Mungu, baada ya Misa, atapita kuamkia, na kwa kuwa ni mtu wa heshima atakaangiwa mayai yote sita, naye atayala mbele ya watoto waliosimama kimya mlangoni.

Katika mazungumzo haya kuna mtu mmoja asiyesema neno, kwa kuwa hajui bado kusema vema. Ni yule wa miaka miwili.

Mimi sitaki kumcheka hata mmoja wa hawa wanne. Kila mmoja anayo haki yake. Lakini tuzipime haki hizo moja moja.

Baba anapenda kuongeza mali, na hilo ni jambo zuri. Shida ni kwamba amechagua mayai mabaya. Yai la kwanza la tembe ni dogo, ganda lake si imara bado, na kama likianguliwa kifaranga chake huwa kidogo na dhaifu, chakula chepesi cha mwewe. Mfugaji mwenye akili haatamishi mayai ya mtago wa kwanza. Angoje mtago wa pili au wa tatu, mayai yakiwa makubwa na kuku amekwisha kukomaa. Kwa hiyo baba anaweza kuridhika: mayai haya si ya vifaranga, hata kama angeyanyima watu wote.

Mama anahitaji sabuni na chumvi, na mimi si mtu wa kuwaambia maskini kwamba sabuni si kitu. Fedha ya shule pia mara nyingi hutoka katika kikapu cha mayai. Lakini yai dogo sokoni lina bei ndogo. Wanunuzi wanalipima kwa macho na kulikataa, au kulipunja. Mayai ya baadaye yatauzwa kwa bei nzuri zaidi. Kama kuna mayai ambayo jamaa hupoteza kidogo kabisa kwa kuyala, ni haya.

Kuhusu mgeni, ukarimu ni fahari ya Afrika, wala gazeti hili halitaufundisha watu kuuacha. Ila wageni nao wana wajibu wao. Mgeni Mkristu aliyeona watoto mlangoni anajua namna ya kusema: “Nimeshiba, mama, nipe maji tu.” Nimemwona katekista mmoja akigawa yai lake vipande vitatu kwa watoto wa nyumba kabla ya kusali sala ya chakula, na hakuna aliyeona kwamba heshima yake ilipungua.

Maneno ya nyanya

Limebaki neno la nyanya, nalo ndilo zito kupita yote. Mwiko wa mayai haukuanza jana. Katika makabila mengi ya Afrika wanawake na watoto walikatazwa mayai, na pengine kuku pia. Hapa walisema kwamba mwanamke atakuwa tasa, pale kwamba mtoto atazaliwa bila nywele, mahali pengine kwamba mtoto atakuwa mwizi. Watu wengine wanafikiri kwamba mwiko huu ulilinda mayai ili yapate kuanguliwa. Wengine, wenye ulimi mkali zaidi, wanasema uliwalindia wanaume chakula kitamu. Vyovyote vile, nyanya hakuutunga mwenyewe. Ameupokea kwa mama yake, na anausema kwa mapendo, kwani anaogopa mjukuu wake asiharibike. Mtu akitaka kumjibu asimwaibishe mbele ya watoto. Amwonyeshe mtoto mwenyewe.

Maana katika vilima hivi hivi vya Bushi kuna ugonjwa ambao kila nyanya anaujua kwa jina lake: bwaki. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu, miaka miwili au mitatu, anaacha kucheza. Anaketi kwa huzuni, anakataa chakula. Miguu inavimba, kisha uso, na wajinga wanasema amenenepa. Nywele zinakuwa nyekundu na kung'oka bila maumivu, ngozi inabambuka. Waganga wa dunia nzima wanauita kwashiorkor. Jina hilo halikutoka Ulaya. Ni la lugha ya Waga wa nchi ya Ghana, na lililetwa katika vitabu vya waganga na mama daktari Cicely Williams, aliyeandika habari za ugonjwa huo mwaka 1933, na mwaka 1935 akalitaja jina hilo lenyewe. Maana yake ni ugonjwa wa mtoto mkubwa wakati mdogo wake anapozaliwa. Waga walikuwa wameona yale yale wanayoyaona Bashi: anayefuata anachukua ziwa, na anayetangulia anaachiwa bugali mtupu.

Lwiro, karibu na Kabare, ambako taasisi ya IRSAC, iliyoundwa mwaka 1947, ilijenga makao yake, waganga walifanya kazi miaka mingi juu ya watoto wenye bwaki, na hospitali ya watoto ya mahali pale inajulikana na kila mama wa jimbo. Waganga wa leo wanasema kwamba sababu ya bwaki si moja tu, kwani maambukizo na mambo mengine yamo pia. Lakini hakuna anayeshuku kwamba mtoto aliyeachishwa ziwa na kulishwa mihogo pekee yuko hatarini. Wala bwaki siyo peke yake. Wengi zaidi hawavimbi, bali wanadumaa tu: wanabaki wafupi na wadhaifu. Katika hesabu kubwa ya afya iliyofanywa katika Kongo nzima mwaka 2013 na 2014, watoto 43 katika 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa.

Yai dogo la tembe, la gramu 40 hivi, lina karibu gramu tano za protini, yaani kile chakula kinachojenga mwili. Mtoto wa miaka miwili anahitaji karibu gramu 13 kwa siku. Mayai mawili madogo, basi, yanampa sehemu kubwa ya haja yake, na pamoja nayo vitamini A, chuma kidogo, na mafuta ambayo ubongo wake unayahitaji. Muhogo, tunaoupenda sana, haupati hata nusu ya hayo kwa sahani nzima.

Je, jambo hili limepimwa? Limepimwa. Katika mkoa wa Cotopaxi, katika milima ya Ecuador, Amerika ya Kusini, wachunguzi walichukua watoto 163 wenye miezi sita hadi tisa. Nusu yao walipata yai moja kila siku kwa muda wa miezi sita, wengine hawakupewa. Habari ilitangazwa mwaka 2017: kati ya waliokula yai, hatari ya kudumaa ilipungua kwa 47 katika 100. Ni haki nieleze pia kwamba uchunguzi wa namna hiyo hiyo ulifanywa baadaye Mangochi, nchini Malawi, kwa watoto 660, nao haukuonyesha tofauti kubwa ya kimo. Wachunguzi waliona kwamba watoto wa Mangochi, wanaokaa karibu na ziwa, walikuwa wakila samaki tangu mwanzo. Hapo tunajifunza kitu cha kutufaa sisi. Jamaa zilizo pwani ya Tanganyika zenye ndagala, au pwani ya Kivu zenye sambaza (samaki wale wadogo waliohamishwa kutoka Tanganyika kati ya mwaka 1958 na 1960), zinayo tayari sehemu ya dawa hiyo. Wenye kuhitaji yai zaidi ni watu wa vilimani, ambao samaki huwafikia mara chache na kwa bei kubwa. Shirika la Afya Ulimwenguni, katika mashauri yake ya mwaka 2023, linataka watoto wa miezi 6 hadi 23 wapate kila siku nyama, samaki au mayai.

Kwa wazazi Wakristu liko pia neno ambalo si la waganga. Katika sura ya 11 ya Injili ya Mtakatifu Luka, Bwana wetu Yezu Kristu, akitaka kueleza wema wa Mungu Baba, alitoa mfano wa mtoto anayemwomba baba yake yai, na kuuliza ni baba gani atakayempa nge mahali pake. Angaliavyo Bwana, yai mkononi mwa mtoto ni jambo la kawaida kabisa katika nyumba ya baba mwema. Kanisa nalo, katika kitabu chake cha kale kiitwacho Rituale Romanum, lina baraka yake ya mayai kwa siku za Pasaka. Hakuna mahali ambapo baraka hiyo iliwatenga wanawake au watoto.

Namna ya kumpa mtoto

Yai lipikwe mpaka liwe gumu, ute na kiini. Yai bichi au lililoiva nusu huenda likaleta maumivu ya tumbo na kuhara. Kwa mtoto wa miezi sita na zaidi, liloweshwe kwa maji ya moto au kwa ziwa la mama na kupondwa pamoja na ndizi au uji. Aanze na kijiko kimoja, na mama aangalie kwa siku mbili kama ngozi haitoki vipele, maana watoto wachache hawapatani na mayai. Kwa yule wa miaka miwili linaweza kutiwa katika sombe au maharagi, na asimamiwe wakati wa kula, kwa kuwa kaka zake wana mikono mirefu. Mama anayenyonyesha naye apate lake. Binti wa watu akatazwe yai wakati mwili wake unamlisha mwingine? Hapo, kwa heshima yote, sikubaliani na nyanya.

Mayai yawekwe mahali pa baridi na kivuli, bila kuoshwa, kwani maji huondoa utando unaoyalinda. Mwenye shaka alitie yai katika bakuli la maji: jipya hulala chini, la zamani husimama, viza huelea.

Na jambo moja lisisahauliwe. Yai si dawa ya bwaki iliyokwisha kuanza. Mtoto aliyevimba miguu apelekwe upesi kwenye kituo cha afya, siku ile ile, hata kama nyumbani mna mayai ishirini. Mwili wake wakati huo hauwezi kupokea chakula kizito, na wauguzi wana maziwa yao ya pekee wanayomnywesha kidogo kidogo.

Mtago wa pili

Kuku wa kienyeji hutaga mayai 8 hadi 15, kisha anaacha, anavimbisha manyoya, anakataa kutoka kiotani na kumdonoa kila amsogeleaye. Anataka kuatamia. Katika mtago wa kwanza anyimwe: aondolewe kiotani, afungiwe siku tatu au nne mahali penye mwanga na hewa, apewe maji na chakula, naye atasahau na baada ya siku si nyingi ataanza tena.

Kabla ya hapo baba, ambaye tulimnyima vifaranga vyake, ana kazi nyingine ya kufanya. Ugonjwa wa Newcastle, ule unaofagia kuku wa kijiji kizima kwa juma moja, hauna dawa lakini una chanjo. Ni tone moja katika jicho, na kurudiwa kila baada ya miezi minne. Ichanjwe mifugo yenye afya tu, kabla ugonjwa haujafika. Baba amtafute mganga wa mifugo, na afadhali apatane na jirani zake, kwani chupa moja inatosha kwa kuku wa nyumba nyingi.

Mtago wa pili ukifika, mayai yamekuwa makubwa. Hapo nusu iende sokoni au mezani, na kumi yaliyo bora, yenye umbo zuri na yasiyopita siku kumi tangu kutagwa, yawekwe chini ya koo. Sasa jogoo anahitajiwa, hata wa jirani. Koo asisumbuliwe, ila maji na mahindi viwe karibu, maana hutoka mara moja tu kwa siku na kurudi haraka. Anayejua kuandika aandike kwa mkaa juu ya ukuta wa ghala siku kuku alipoanza kuketi, kisha ahesabu siku 21.